Dieudonné Saive, fundi wa Ubelgiji aliyeunda bunduki FAL

Wazee walioona vita vya mwaka 1964 kule Kisangani, Kindu ao Uvira wanaijua FAL. Ni ile bunduki ndefu yenye kasha la risasi 20 chini yake. Lakini jina la mtu aliyeiunda, wachache sana wamelisikia. Aliitwa Dieudonné Saive. Hakuwa jenerali wala mwanasiasa. Alikuwa fundi wa kiwanda, Mbelgiji, na kazi yake ilifika mbali kuliko yeye mwenyewe.

Kijana wa Wandre

Saive alizaliwa mwaka 1888 huko Wandre, karibu na mji wa Liège, mashariki ya Ubelgiji. Mto Meuse unapita pale. Wandre iko ng'ambo moja, Herstal iko ng'ambo ya pili. Katika eneo lile kazi ya silaha ilikuwa ya kurithishana, baba kwa mtoto, tangu karne nyingi. Mwaka 1889, Saive akiwa bado mtoto mchanga, watengenezaji silaha wa Liège waliungana wakaanzisha kiwanda kikubwa Herstal: Fabrique Nationale, kwa kifupi FN. Kazi ya kwanza ilikuwa kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150.000 za aina ya Mauser. Bunduki za Mauser ndizo askari wa Force Publique pia walibeba hapa Kongo kwa miaka mingi.

Saive aliingia FN, akajifunza, akapanda ngazi. Pale alifanya kazi pamoja na John Browning, yule Mmarekani aliyekuwa bingwa wa silaha wakati ule. Mwezi wa 11 mwaka 1926 Browning alikufa mule mule kiwandani, akaacha bastola ambayo haijamalizika. Saive ndiye aliimaliza. Yeye ndiye alitafuta namna ya kupanga risasi kwa mistari miwili ndani ya kasha, hata bastola ikaweza kubeba risasi 13. Ilitoka mwaka 1935, ikaitwa GP. Lakini juu ya chuma chake liliandikwa jina la Browning, siyo la Saive.

Bunduki inayojipakia

Kazi kubwa ya Saive ilikuwa nyingine. Kwa Mauser, askari akipiga risasi moja, lazima ashike kikono cha chuma, akivute nyuma ili ganda litoke, kisha akisukume mbele ili risasi nyingine iingie. Inapoteza wakati, na inamwondoa kwenye shabaha. Mafundi wa inchi mbalimbali walikuwa wanatafuta bunduki inayofanya hiyo kazi yenyewe.

Saive alitumia gesi ya baruti. Risasi inapopita ndani ya mtutu, sehemu ya ile gesi inaingia kwenye tundu dogo na kusukuma fimbo ya chuma iliyolala juu ya mtutu. Fimbo inarudisha nyuma kile chuma kinachofunga risasi, ganda linaruka nje, springi inakirudisha mbele na risasi mpya. Kwa askari inabaki kazi ya kidole tu.

Hatari iko hapa: kile chuma kikifunguka mapema, moto wa baruti unamrudia askari usoni. Dawa ya Saive ilikuwa rahisi kuieleza lakini ngumu kuitengeneza. Upande wa nyuma wa kile chuma unashuka chini na kujifungia imara, haunyanyuki mpaka risasi imekwisha kutoka mtutuni.

Mwaka 1941

Kabla ya vita kuu ya pili, majaribio ya kwanza yalikuwa yamefanyika. Lakini tarehe 10 mwezi wa tano mwaka 1940, jeshi la Ujerumani liliingia Ubelgiji. Kiwanda cha FN kikakamatwa na kulazimishwa kulitengenezea jeshi la adui silaha. Kwa Saive, kubaki kulikuwa kumpa adui akili yake na michoro yake. Mwaka 1941 akatoka katika inchi iliyokaliwa, akafika Uingereza, akaanza kazi kwa Waingereza huko Enfield.

Mwaka ule ule, askari wa Force Publique kutoka Kongo walivuka Sudani mpaka Ethiopia. Wakapigana na Waitalia pale Asosa, Gambela na Saïo, na bunduki za kuvuta kwa mkono. Ile bunduki ya Saive ilikuwa bado ya majaribio. Waingereza waliijaribu, lakini hawakuichukua kwa jeshi lao.

Imechelewa

Vita vilipokwisha, Saive alirudi Herstal na kumaliza kazi. Bunduki ilijulikana kama modeli ya 1949. Ilibeba risasi kumi, ilikuwa nzuri na imara, lakini bei ilikuwa juu. Misri, Venezuela, Kolombia, Ajentina na inchi nyingine ziliinunua. Wabelgiji waliokwenda vita vya Korea walikwenda nayo. Nyingine zililetwa Kongo kwa Force Publique. Wakati ule, ndani ya hilo jeshi askari karibu wote walikuwa Wakongomani, na maofisa wote walikuwa Wazungu.

Hata hivyo, vita vilikuwa vimeichelewesha karibu miaka kumi. Zilitengenezwa karibu 176.000 tu. Na mtu aliyeizima alikuwa Saive mwenyewe. Pamoja na Ernest Vervier, alikuwa amekwisha kuanza nyingine yenye njia ile ile ya kujifunga, lakini yenye risasi 20 na nafasi ya kupiga mfululizo. Ndiyo FAL. Katika miaka ya 1950, Kanada, Uingereza na Ubelgiji ziliichukua. Kisha ikaenea katika inchi zaidi ya 90.

FAL ndani ya Kongo

Force Publique iliasi mwezi wa saba mwaka 1960, siku chache tu baada ya uhuru, juu ya jambo hilo hilo la maofisa Wazungu. Jeshi likaitwa ANC, na FAL ikawa mikononi mwa askari wake. Mwaka 1964 Wasimba waliposhinda vikosi vya ANC, walichukua na silaha zao. Waliingia Kisangani, iliyokuwa ikiitwa Stanleyville, mwezi wa nane. Tarehe 24 mwezi wa 11, askari wa miavuli kutoka Ubelgiji walishuka katika mji huo, nao wakibeba FAL. Bunduki moja, kiwanda kimoja, na watu wanaopigana. Raia walikuwa katikati.

Saive alikuwa bado hai. Alikufa mwaka 1970, akiwa na miaka 82. Ufundi wake hakuna anayeukataa. Mwaka 1941 aliweza kuamua nani asipate kazi yake, akaondoka nayo akilini. Lakini bunduki zilipoanza kutoka kiwandani kwa maelfu, hakuwa tena na neno. Waliouza na walionunua ndio waliamua, na mara nyingi yule aliyeshinda vitani aliziokota tu.

Kwenye FAL za zamani zilizotoka Ubelgiji, mtu akisafisha kutu atasoma jina la kiwanda na jina Herstal. Jina la Saive halimo.