Veit Stoss: Mchonga Watakatifu Aliyechomwa Mashavu

Miongoni mwa maswali yanayojirudia katika mihadhara ya fasihi ni kama yafaa kuipima kazi ya sanaa kwa mwenendo wa aliyeitunga. Aghalabu swali hili huelekezwa kwa washairi na waandishi wa riwaya. Makala haya yanalielekeza kwa mchongaji wa Kijerumani, Veit Stoss, aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita, kwa kuwa ni nadra maisha ya msanii kuliuliza swali hili waziwazi kama yake.

Msomaji wa Kericho au Bomet aliyewahi kuingia katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililotabarukiwa mwaka 2015, atakumbuka mbao zilizopangwa kwa utaratibu chini ya paa lake refu. Mbao hizo hazina sura wala hadithi. Uzuri wake umo katika utulivu wake. Katika Ulaya ya karne ya 15, mbao za kanisani zilipewa pia kazi ya kusimulia. Nyuma ya altare palisimamishwa kiunzi kikubwa chenye mabawa yaliyofunguka mithili ya kurasa. Juu ya mabawa hayo palichongwa sura zilizotokeza ubaoni, zikapakwa rangi na kutiwa dhahabu, ili hata asiyejua kusoma ayafuate maisha ya Yesu na Maria.

Stoss alizaliwa yapata mwaka 1447 katika mji wa Horb, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1477 aliuacha mji wa Nuremberg, alikokuwa akiishi, akahamia Kraków, Polandi, kuchonga altare ya Kanisa la Mtakatifu Maria. Kazi hiyo ilimchukua miaka 12. Ilipokamilika mwaka 1489, kiunzi kilikuwa na kimo cha takribani mita 13. Katikati yake Maria anaonekana akiishiwa nguvu mbele ya mitume, ambao baadhi yao wana kimo kinachozidi cha mtu wa kawaida. Mishipa ya mikono yao, mikunjo ya nyuso na mavazi yanayopeperuka vinadhihirisha jicho lililowachunguza watu wa kawaida kwa makini.

Utengenezaji wa michongo ya aina hii ulihitaji subira. Mti laini ulichongwa, na sanamu kubwa zikachimbwa kwa nyuma ili zisipasuke zikaukapo. Kisha ubao ulipakwa tabaka za chaki iliyochanganywa na gundi, ukalainishwa, ukapakwa udongo mwekundu, ndipo dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi ikabandikwa na kusuguliwa hadi ing'are.

Mwaka 1496 Stoss alirejea Nuremberg akiwa mtu mwenye mali na sifa. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Aliwekeza fedha nyingi kwa mfanyabiashara aliyefilisika, naye akaamini kwamba amepunjwa na Jakob Baner, aliyemshauri kuwekeza. Badala ya kutafuta haki kwa njia iliyo wazi, alighushi hati ya deni yenye sahihi na mhuri wa Baner. Mkono uliowachonga mitume ukachonga uongo. Alipobainika, aliponea chupuchupu adhabu kali zaidi. Mwezi Desemba mwaka 1503, akiwa na umri wa miaka ipatayo 56, alichomwa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto hadharani, akaapishwa asitoke mjini bila idhini ya baraza.

Alikiuka kiapo hicho mwaka 1504, akatorokea Münnerstadt. Huko aliitia rangi na dhahabu altare ambayo mchongaji mwenzake mashuhuri, Tilman Riemenschneider, alikuwa ameiacha bila rangi. Baadaye alirudi Nuremberg. Mwaka 1506 Mfalme Maximilian alimsamehe, lakini baraza la mji halikuwa tayari kuutangaza msamaha huo.

Hata hivyo, mji huohuo uliendelea kuihitaji mikono yake. Kati ya mwaka 1517 na 1518 alichonga Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari, sanamu zilizotiwa rangi na dhahabu na kuning'inizwa katika Kanisa la Mtakatifu Lorenz. Waumini walipoinua macho kuzitazama, walikuwa wakiitazama kazi ya mtu waliyemjua kwa makovu yake sokoni. Alifariki mwaka 1533.

Altare ya Kraków nayo ilipatwa na masaibu. Vita vilipokaribia mwaka 1939, Wapolandi waliibomoa na kuificha, lakini Wajerumani waliipata wakaipeleka Ujerumani, na hatimaye ikafichwa Nuremberg, katika mahandaki chini ya ngome. Ilirudishwa Polandi mwaka 1946, na mwaka 1957 ikasimama tena kanisani. Wakalenjin wanaielewa furaha ya namna hiyo: fimbo za uongozi za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006.

Kwa kuhitimisha, turejelee swali letu. Wapolandi hawakuidai altare kwa sababu Stoss alikuwa mwadilifu. Waliidai kwa kuwa vizazi vyao vilisali mbele yake. Kazi ilikuwa imekwisha kuwa mali ya waliyoipokea. Lakini hilo halimfutii Stoss kosa lake, wala halimpi mhakiki ruhusa ya kulinyamazia. Dhahabu ilipakwa juu ya mti ili mti usionekane. Mwandishi wa maisha ya mtu hana kazi ya kupaka dhahabu. Wajibu wake ni kuyasimulia makovu na michongo kwa pamoja, kisha amwachie msomaji hukumu.