Sheikh Amri Abedi: mshairi wa Ujiji mwenye jina kwenye uwanja wa Arusha

Msikilizaji, kila timu inapocheza Arusha, mtangazaji wa mpira hulitaja jina hili mara nyingi: Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wengi hapa Shanwe na Mpanda nzima tunalijua kwa sababu ya mpira tu. Mwenye jina hakuwa mchezaji wala hakuwa mtu wa Arusha. Alikuwa jirani yetu, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924, na kazi yake kubwa ilikuwa ushairi.

Ujiji ya wakati huo ilikuwa mji wa Kiswahili ulio mbali sana na pwani. Lugha ilifika na misafara iliyotoka Bagamoyo kwa miguu, ikabaki. Kijana Amri alikulia humo, kisha akasoma Shule ya Serikali Tabora, shule ileile aliyosoma Mwalimu Nyerere.

Alijiunga na jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo Waislamu wengi hawakukubaliana nayo, na mabishano ya wakati huo yalikuwa makali. Kulibeba jina hilo hadharani kulihitaji moyo. Alimsaidia Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri aliyetoka Bara Hindi, katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa Nairobi mwaka 1953. Katikati ya miaka ya 1950 akaenda Rabwah, Pakistani, kusomea dini. Huko lugha ya masomo na ya mahubiri ni Kiurdu, lugha ambayo watu wake wanapenda mashairi kama sisi: wana mikutano iitwayo mushaira, mshairi anasoma utungo wake na wasikilizaji wanamshangilia papo hapo.

Kitabu kilichomtangaza ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha mwaka 1954. Watu walikuwa wakitunga kwa Kiswahili karne nyingi kabla yake, lakini kanuni walizibeba kichwani, mwanafunzi akijifunza kwa kumsikiliza fundi. Amri aliziandika, ili hata kijana aliye mbali na pwani, asiye na malenga wa kumfunza, ajifunze kwa kusoma. Na katika kitabu hichohicho akatia mashairi yake mwenyewe, msomaji aone kanuni zikifanya kazi.

Tueleze kidogo, maana wasikilizaji wanaotutumia tungo huuliza. Mizani ni hesabu ya silabi. Ukitamka Katavi unapata tatu, ka-ta-vi. Mpanda nayo ni tatu, kwa sababu ile m ya mwanzo inajitegemea: m-pa-nda. Shanwe ni mbili tu. Shairi la kawaida lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 16, nane kabla ya kituo cha katikati na nane baada yake. Vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande hivyo. Ukipunguza mizani moja, mwimbaji anajikwaa, na hapo studio tunalisikia kosa hata kabla ya kuhesabu vidole.

Siasa nayo ilimwita. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 aliteuliwa Waziri wa Sheria. Kazi aliyoianzisha hapo naiona kubwa kuliko umeya: kutafuta maneno ya Kiswahili ya mambo ya mahakamani. Sheria ilikuwa kwa Kiingereza, na mkulima aliyeshtakiwa alisimama kizimbani akisikia watu wakiamua habari zake kwa lugha asiyoijua. Mshairi alifaa kazi hiyo, maana amezoea kupima neno kabla ya kulitumia.

Hakuimaliza. Mwaka 1964 alihamishiwa Wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa, na Oktoba mwaka huohuo akafariki Bonn, Ujerumani Magharibi. Alikuwa na miaka 40.

Kitabu chake kiliendelea kupigana bila yeye. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi ukawaka magazetini na vyuoni. Wazee wa ushairi walisema hayo si mashairi, wakakishika kitabu cha Amri kama ngao. Vijana wakajibu kwamba kanuni za mtu mmoja haziwezi kuufunga ushairi wote. Mimi nadhani Amri alionewa kidogo hapo, kwani aliandika ili kufundisha wanaoanza.

Leo shuleni watoto wanasomeshwa yote mawili, ya kimapokeo na ya kisasa. Lakini tungo zinazotufikia kwa simu kutoka vijijini, karibu zote bado zina vina na mizani. Tukifungua ujumbe, tunaanza kuhesabu: nane, kituo, nane.