Henry Le Chatelier, Mpimaji wa Moto Mkali

Katika Gerezani, karibu na soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam, fundi wa chuma hutazama rangi ya chuma kilichomo motoni. Kikiwa chekundu hungoja. Kikigeuka manjano hukitoa upesi, akakifua. Jicho lake ndilo kipimo chake. Lakini jicho la mtu mmoja si jicho la mwingine, na katika viwanda vikubwa kosa dogo la moto huharibu kazi ya siku nyingi. Aliyewapa mafundi kipimo cha kuaminika ni Henry Le Chatelier.

Alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 8 Oktoba 1850. Baba yake alikuwa injinia, na mama yake alimzoeza tangu utotoni kufanya kila jambo kwa taratibu. Alisoma kwa bidii, na mwaka 1877 akawa mwalimu katika Shule ya Machimbo ya Paris. Huko akaanza kuichunguza saruji, ambayo huchomwa tanuruni kwa moto wa digrii 1,450 hivi. Hapo akakwama. Zebaki huchemka kwa digrii 357, na kioo hulainika kabla moto huo haujafikiwa. Basi, apime kwa nini?

Zamani, mwaka 1821, mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Seebeck, alikuwa amegundua jambo la ajabu. Nyaya mbili za madini mbalimbali zikiungwa ncha zao, kisha kiungo kimoja kikatiwa motoni na cha pili kikaachwa baridi, nguvu ya umeme hupita ndani yake. Moto ukizidi, na umeme huzidi. Watu walijaribu kupima matanuru kwa njia hiyo, lakini vipimo vyao havikupatana.

Le Chatelier hakuikataa njia hiyo, bali alitafuta asili ya kosa, akaiona katika nyaya zenyewe. Chuma huliwa na moto, na waya usio sawasawa mahali pote hudanganya. Kwa hiyo akachagua platinamu safi kwa waya wa kwanza, na kwa waya wa pili platinamu iliyotiwa rodiamu, sehemu kumi katika mia. Madini hayo ni ghali mno, lakini hayashiki kutu wala hayaharibiki upesi. Kisha akakihakikisha chombo chake kwa vitu ambavyo hari yake ya kuyeyuka ilijulikana, kama dhahabu. Hayo yalitokea katika miaka ya 1886 na 1887, na hata leo nyaya za namna hiyo hutumika matanuruni.

Lakini hata mpimaji hodari aliteleza. Mwaka 1901 alijaribu kufanyiza amonia, ambayo hutumika kwa mbolea, kwa kuunganisha hewa mbili kwa nguvu kubwa na moto mkali. Hewa ya kawaida ilikuwa imeingia chomboni pasipo yeye kujua. Chombo kikapasuka kwa kishindo, msaidizi wake akaponea chupuchupu, na Le Chatelier akaiacha kazi hiyo. Miaka michache baadaye Fritz Haber wa Ujerumani akafaulu. Le Chatelier alijuta, akakiri kosa lake waziwazi.

Alifariki tarehe 17 Septemba 1936. Moto aliupima barabara. Siku aliyosahau kupima hewa, akakosa ushindi uliokuwa mkononi mwake.