César Milstein na Swali la Kingamwili

Ukimtajia mwanabiolojia jina la César Milstein, aghalabu atakumbuka jambo moja tu: mbinu ya mwaka 1975 ya kuzalisha kingamwili za aina moja kwa wingi. Sifa hiyo ni haki yake, ila inafunika swali lililomshughulisha kwa takribani miaka 40. Je, mwili wenye jeni chache huwezaje kuunda kingamwili za kukabili viini visivyohesabika, hata vile ambavyo haujapata kukutana navyo?

Milstein alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1927 katika mji wa Bahía Blanca, Argentina. Babake alikuwa mhamiaji Myahudi aliyeanza kujitegemea akiwa na umri wa miaka 15. Mamake, mwalimu, alikuwa binti wa wahamiaji mafukara. Walijinyima mengi ili wana wao watatu wafike chuo kikuu. César, mwana wa pili, alipata shahada ya uzamifu jijini Buenos Aires, kisha akapata nyingine Cambridge, Uingereza, mwaka 1960.

Mwaka 1961 alirejea nyumbani kuongoza kitengo kipya cha biolojia ya molekuli katika Taasisi ya Malbrán. Hakukaa sana. Mwaka 1962 wanajeshi waliipindua serikali, wasomi wenye fikra huru wakaandamwa, na mkurugenzi wa taasisi hiyo akafutwa kazi. Milstein alijiuzulu kwa kupinga dhuluma hiyo, na mwaka 1963 akarudi Cambridge. Huko Frederick Sanger, aliyewahi kufanya kazi naye, alimshauri ageukie kingamwili.

Mwaka 1966 yeye na Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, walichapisha wazo la kijasiri. Kwa kawaida seli inapogawanyika jeni zake hunakiliwa kwa uangalifu mkubwa, mithili ya mnakili achelaye kudondosha hata nukta moja. Wao walipendekeza kwamba katika seli zinazotengeneza kingamwili, kimeng'enya fulani hukata DNA mahali mahususi, na ukarabati unaofuata huingiza makosa. Sisi tunaohangaika na miswada ya tendi tunalijua kosa la mnakili kuwa kero. Hapa kosa lilitazamwa kama rasilimali.

Ushahidi ulikuwa bado. Ili kuyachunguza mabadiliko hayo, Milstein alihitaji seli isiyokufa upesi na inayotoa kingamwili inayojulikana. Yeye na Georges Köhler, kijana kutoka Ujerumani, waliunganisha seli za saratani, ambazo huzaana bila kikomo, na seli za wengu la panya aliyedungwa chembe za damu ya kondoo. Wakapata walichokitaka, na ulimwengu ukapata zaidi. Vipimo vya ujauzito na vile vya haraka vya malaria, vinavyotumika hata katika zahanati zetu, hutegemea kingamwili za namna hiyo. Hataza haikuchukuliwa, na utajiri mwingi ukaenda kwa makampuni. Mwaka 1984 Milstein, Köhler na Niels Jerne walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Wengi wangetosheka. Milstein alirudi kwenye swali lake, na kwa maoni yangu hapa ndipo ukubwa wake unapoonekana. Katika miaka ya themanini, yeye na wenzake waliwadunga panya kemikali moja, wakafuatilia jeni za kingamwili kadiri siku zilivyopita. Waliona mabadiliko yakirundikana. Katika jeni hizo makosa hutokea takribani mara milioni moja zaidi ya kawaida. Mengi hayana faida, na mengine huiharibu kingamwili. Lakini seli ambayo kosa lake limeifanya kingamwili ishike adui barabara zaidi huzaana na kuzishinda nyingine. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya dozi ya pili ya chanjo iamshe kinga kali kuliko ya kwanza.

Kimeng'enya chenyewe, kiitwacho AID, kiligunduliwa mwaka 1999 na kundi la Tasuku Honjo nchini Japani. Hakikati DNA moja kwa moja kama ilivyobashiriwa mwaka 1966. Hubadilisha herufi moja ya DNA, na ukarabati unaofuata ndio unaoeneza makosa.

Milstein alifariki Cambridge tarehe 24 Machi 2002. Miezi michache baadaye, Michael Neuberger, mwenzake katika maabara ileile, alichapisha pamoja na wenzake ushahidi kutoka kwa bakteria kwamba AID hufanya kazi juu ya DNA yenyewe.