Imam Ghazali, pamba na moto

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita hapa Njombe alinikwamisha darasani. Nilikuwa nimejigamba kuwa fizikia ya kwantamu imethibitisha qadar, na kwamba Imam Ghazali aliyajua hayo zamani. Akauliza kama atomi kugeuka bila sababu inayoonekana si ushahidi wa bahati nasibu. Sikuwa na jibu. Nikarudi kwa Imam mwenyewe.

Alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058), akafiwa na baba angali mdogo. Alisoma kwa Imam Juwayni huko Nishapur, na mwaka 1091 akakabidhiwa Nizamiyya ya Baghdad. Huko aliandika Tahafut al-Falasifa, akiwapinga wanafalsafa katika masuala 20. Katika suala la 17 alieleza kuwa tunaona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini hatuoni kwamba moto unaunguza kwa nguvu yake. Anayeunguza ni Mwenyezi Mungu. Hata hivyo hakusema dunia ni vurugu: Allah ameipa desturi, nasi tunaitegemea.

Mwaka 1095 alitilia shaka nia yake katika kufundisha, ulimi ukawa mzito, akaacha cheo. Alikwenda Damascus, Jerusalem na Makka. Alirudi kufundisha Nishapur mwaka 1106, akafariki Tus mwaka 1111.

Sasa tazama fizikia. Magari yatokayo Makambako kwenda Songea hupita hapa Njombe, na mbele ya Songea ni Namtumbo, kwenye madini ya urani ya Mto Mkuju. Mwanafizikia anajua kuwa nusu ya atomi za urani-238 hugeuka katika miaka kama bilioni 4.5. Lakini atomi moja hawezi kuitabiria kama itageuka leo au baada ya miaka bilioni. Je, haina sababu, au sababu imefichika? Tangu 1927 wanafizikia wenyewe hawajaafikiana.

Ndugu Muislamu, hapo ndipo nilipokosea. Kushindwa kwa binadamu kutabiri hakuthibitishi qadar, wala hakuikanushi. Imani hiyo haikungoja maabara. Katika kitabu hichohicho Ghazali alionya kuwa anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini. Naongeza kuwa anayeifunga dini kwenye nadharia naye anaidhuru, kwani siku nadharia ikibadilika, kijana atadhani dini imeanguka.

Juma lililofuata nilikiri kosa mbele ya darasa, nikamhimiza kijana yule aendelee na fizikia. Ikiwa Ghazali aliacha kiti cha Baghdad kwa kuishuku nia yake, mimi wa Njombe ni nani hata nione haya?

Wallahu a'lam.