Kadinali Aliyewapeleka Mapadre Darasani

Kabla sijaanza habari yenyewe, lazima niwasimulie aibu iliyonipata. Likizo ya Agosti iliyopita, katekista wetu kule nyumbani aliniomba niwashike watoto wa darasa la dini Jumamosi moja, kwani yeye alikuwa na kigango kingine cha kutembelea. Nilikubali mara moja. Si mimi ni mwanafunzi wa sekondari bwana, nini cha kunishinda?

Nilisimama mbele ya watoto wale nikawahubiria habari za jehanamu kwa sauti ya radi, mpaka msichana mmoja wa miaka saba akaangua kilio, akatoka mbio kwenda kwao. Jioni mamake alikuja kuniuliza nilimfanya nini mwanawe. Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata mtoto hakuonekana.

Nilidhani katekista atanikaripia. Hakufanya hivyo. Mzee yule alinikalisha chini ya mwembe, akanisimulia habari za mtu ambaye sikukuu yake huwa tarehe 4 Novemba, msimamizi wa makatekista. Niliporudi shuleni nilimtafuta mtu huyo vitabuni, na leo nawaletea maisha yake. Ni Carlo Borromeo, ambaye Kanisa Katoliki humwita Mtakatifu Karoli.

Borromeo alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1538 katika ngome ya Arona, kando ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Babake Gilberto alikuwa kabaila na mamake Margherita alitoka ukoo wa Medici wa Milano. Enzi hizo vyeo vya kanisa viligawanywa kama mashamba ya urithi. Akiwa na miaka 12 hivi, kijana huyu tayari alikuwa amepewa mapato ya nyumba ya watawa. La ajabu ni kwamba alimwambia babake kinagaubaga kuwa fedha hizo ni za maskini, wala si za jamaa.

Alisomea sheria huko Pavia, akahitimu mwaka wa 1559. Desemba ya mwaka huo huo, kakaye mamake alichaguliwa kuwa Papa Pius wa Nne. Basi mambo yakawa mambo! Januari 1560 Borromeo akafanywa kadinali akiwa na miaka 21 tu, na punde si punde akakabidhiwa jimbo kubwa la Milano, ilhali hata upadre alikuwa hajaupata. Ndugu msomaji, kama huko si kubebwa na mjomba, basi sijui kubebwa ni nini.

Wengi wangekaa Roma wakala raha mustarehe. Lakini mwaka wa 1562 kakake Federico alifariki ghafla. Jamaa wakamsihi Borromeo aachane na kanisa, aoe, aendeleze ukoo. Yeye akafanya kinyume: mwaka wa 1563 akapewa upadre na baadaye uaskofu. Kifo kile kilimzindua. Alitambua kuwa amepewa kazi ambayo hajajifunza.

Na si yeye peke yake. Siku hizo padre wa kijijini aliokota ujuzi kwa kumfuata padre mzee, kama mwanagenzi amfuatavyo fundi. Wengine hawakuielewa Kilatini waliyoitumia altareni. Wengine waliishi na wanawake kinyume cha kiapo. Huko Milano, kwa muda wa miaka 80 hivi, hakuna askofu mkuu aliyekuwa akiishi jimboni mwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huo ulikuwa umeachwa kwa muda mrefu mno.

Julai 1563, maaskofu waliokutana kwenye Mtaguso wa Trento waliamua kwamba kila jimbo liwe na shule ya kuwalea vijana watakaokuwa mapadre. Shule hiyo ikaitwa seminari, neno la Kilatini lenye maana ya kitalu cha miche. Seminari tunazoziona hapa kwetu Kenya ni wajukuu wa uamuzi huo. Borromeo hakungoja. Seminari ya Milano ilianzishwa mwaka wa 1564, na mwaka wa 1565 yeye mwenyewe akahamia huko.

Tangu hapo hakutulia. Alizuru parokia hadi vijiji vya milimani, akikagua vitabu vya ubatizo, paa za makanisa na mienendo ya mapadre. Aliitisha mitaguso 6 ya majimbo na sinodi 11 za jimbo lake ili wachungaji wakutane, waulizwe maswali na kusahihishwa. Kwa maneno mengine, mtu hakuhitimu siku moja akaacha kusoma. Darasa liliendelea hadi uzeeni.

Hakuwasahau walei. Mwaka wa 1536 padre mmoja, Castellino da Castello, alikuwa ameanzisha shule za Jumapili mjini Milano, ambamo wanaume na wanawake wa kawaida waliwafundisha watoto dini pamoja na kusoma na kuandika. Borromeo alizipa kanuni na kuzieneza. Alipofariki, shule hizo zilikuwa zimezidi 700 na walimu wake walihesabiwa kwa maelfu. Hao ndio babu na nyanya wa katekista wangu wa chini ya mwembe.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa zaidi. Borromeo alijua kuwa elimu peke yake haitoshi. Padre anaweza kusoma akabobea, na bado akamdhuru mtu aliyekuja kwake na siri za moyo. Zamani mwenye kuungama alipiga magoti karibu na padre bila kizuizi chochote, na wanawake waliumia kutokana na hali hiyo. Borromeo akaamuru pawe na kizuizi chenye kidirisha cha wavu kati ya wawili hao, na kiti cha maungamo kiwekwe mahali pa wazi kanisani, waumini wakione. Mwaka wa 1577 maelezo ya ujenzi huo yalichapishwa katika kitabu chake kuhusu majengo ya kanisa. Tazameni hekima hiyo! Hakuishia kuwahimiza watu wawe wema, bali aliita seremala.

Kusahihisha watu kuna gharama. Shirika moja la watawa, Humiliati, lilikasirishwa na marekebisho yake. Tarehe 26 Oktoba 1569 mmoja wao, aliyeitwa Farina, alimpiga risasi mgongoni akiwa katika sala. Kwa bahati risasi haikumuumiza sana. Aliwaombea msamaha waliomshambulia, ingawa serikali iliwaua.

Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Mwaka wa 1576 tauni iliingia Milano. Wakuu wengi walikimbia, yeye akabaki. Alitoa mapazia na vitambaa vya nyumba yake vishonwe nguo za maskini. Watu walipofungiwa majumbani kwa karantini, aliagiza altare ziwekwe njia panda ili wafuate misa kutoka madirishani. Sisi tuliofungiwa nyumbani mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona tunaielewa picha hiyo. Kwa ujuzi wa leo, maandamano ya sala aliyoyaongoza yangeweza kueneza ugonjwa, lakini hakuna awezaye kusema aliwatoroka watu wake.

Je, alikuwa malaika? La hasha. Mwaka wa 1583 alizuru bonde la Mesolcina, huko Uswisi, na katika ziara hiyo watu kadhaa, wengi wao wanawake, walihukumiwa kwa tuhuma za uchawi na kuchomwa moto. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu kwa muda. Aliyewajengea wanawake wavu wa kuwakinga kanisani hakuwakinga hawa. Humu nchini pia tumesikia wazee wakiuawa kwa tuhuma kama hizo. Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu kiongozi asiyeulizwa hukosea pakubwa, hata awe mtakatifu.

Borromeo alifariki usiku wa tarehe 3 Novemba 1584 akiwa na miaka 46, mwili ukiwa umechoshwa na kazi na kufunga. Mwaka wa 1610 alitangazwa mtakatifu. Sanamu yake kubwa ingali imesimama Arona, alikozaliwa.

Nami je? Katekista alinirudisha darasani, lakini kwanza kama mwanafunzi. Alinifunza kuanza na swali badala ya vitisho, kuacha mlango wazi, kutobaki peke yangu na mtoto mmoja, na kumsikiliza mzazi anapolalamika. Kisha tulikwenda pamoja kwa kina yule msichana, nikamwomba radhi yeye na mamake. Jumamosi ya mwisho ya likizo alikuja, akaketi karibu na mlango. Sikumwambia asogee mbele.

Wenzangu, miongoni mwetu wamo watakaokuwa wachungaji, maimamu, walimu wa madrasa na viongozi wa vijana. Moyo mwema ni mwanzo tu. Tukubali kufundwa kabla ya kufundisha, na tukubali kuangaliwa tunapofundisha. Wasalaam.