Solheim, fundi viatu aliyetengeneza fimbo ya gofu yenye mlio

Penalti inapigwa kutoka mita 11, hilo hata mtoto wa Kariakoo analijua. Goli lina upana wa mita 7.32, na bado kila msimu tunashuhudia mtu anapaisha. Sasa njoo kwenye gofu. Mpira una kipenyo cha milimita 43 hivi, shimo lina milimita 108. Ukisimama mita 3 tu kutoka shimoni na uso wa fimbo yako ukapinda kwa digrii 1, mpira unafika pale ukiwa umekwenda pembeni sentimita 5 na ushee. Hapo ukiwa na bahati utagusa ukingo ukaingia. Kwa mita 6, umekosa.

Na hiyo kazi ya kuuviringisha mpira kwenye grini, zile nyasi zilizonyolewa zinazozunguka shimo, ndiyo nusu ya mchezo. Uwanja wenye hesabu ya mapigo 72 kwa mashimo 18 umetenga mapigo 36 kwa ajili ya grini, mawili kila shimo. Kwa lugha yetu tungesema umaliziaji. Unaweza kuutandika mpira mita 250 watu wakapiga makofi, ukifika mbele ya goli unahangaika, mwenzako anaondoka na kombe.

Karsten Solheim alihangaika hivyo hivyo. Tofauti yake na wengine ni kwamba hakumlaumu kocha wala uwanja. Aliilaumu fimbo, kisha akaenda gereji kwake kutengeneza nyingine.

Alizaliwa Septemba 15, 1911, Bergen, Norway. Akiwa bado mdogo sana familia ikahamia Seattle, Marekani, na mama yake alifariki mapema. Baba alikuwa fundi viatu, na kijana naye akaingia kwenye kazi hiyo hiyo. Ndoto yake ilikuwa uhandisi. Alifika Chuo Kikuu cha Washington, akasoma mwaka mmoja, hela ikakata. Ilikuwa miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulikuwa umelala chini, na wengi walitoka madarasani kama yeye. Akarudi kwenye gundi na nyundo.

Mwaka 1936 alimuoa Louise Crozier, na huyu mama tutamkuta tena mbele. Solheim akatengeneza viatu, akauza sufuria nyumba kwa nyumba, watoto wakazaliwa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, viwanda vya ndege vilihitaji watu, naye akapata mlango. Alisoma kozi za uhandisi huku anafanya kazi, akaingia kampuni ya ndege ya Ryan, baadaye Convair kwenye makombora, na mwaka 1953 akachukuliwa na General Electric. Mtu wa viatu sasa anachora mitambo. Huko alishiriki kwenye televisheni ndogo za kubebeka, na ile antena ya masikio ya sungura ambayo wazee wetu waliizungusha sebuleni kutafuta picha inahusishwa na mikono yake. Husimuliwa kuwa kampuni haikuona soko la antena hiyo, mtu mwingine akaitengeneza na kuuza, na Solheim akajiapiza kwamba wazo lake lijalo atalitengeneza mwenyewe.

Gofu aliianza akiwa na miaka 42. Wenzake kazini walihitaji mtu wa kukamilisha kundi. Miaka 42! Kwa straika huo ni umri wa kuwa kocha au mchambuzi. Mipira mirefu aliimudu, ila kwenye grini alikuwa anateseka kweli kweli.

Fimbo za kumalizia za wakati ule zilikuwa kipande chembamba cha chuma, uzito wake mwingi uko katikati. Ukipiga sawasawa katikati, safi. Ukikosea kidogo kwenda ncha ya mbele au upande wa kisigino, fimbo inajizungusha mkononi na mpira unatoka njiani. Solheim alifikiria raketi ya tenisi, ambayo uzito wake uko kwenye fremu, pembeni.

Kwa wasiocheza tenisi, mfikirie mtu aliyebeba mzega begani, ndoo mbili za maji, moja mbele moja nyuma. Mwambie ageuke ghafla uone. Hawezi, zile ndoo zinamkatalia. Sasa chukua maji yale yale yote, yabebe kichwani, utageuka kirahisi. Solheim aliamua fimbo yake iwe mtu wa mzega: uzito akausukuma kwenye ncha mbili, katikati akapaacha pepesi. Mpigaji akikosea kidogo, fimbo inakataa kugeuka na mpira unaendelea kuelekea shimoni. Inasimuliwa kwamba mfano wa kwanza aliuunda kwa vipande viwili vya sukari na vijiti vya aisikrimu vilivyogandishwa kwa gundi.

Mwaka 1959, kwenye gereji ya nyumba yake Redwood City, California, alitoa fimbo halisi. Alipopiga mpira wa kwanza, chuma kikalia kwa sauti nyembamba, ping, kama kengele ndogo. Jina likapatikana hapo hapo. PING 1A.

Mlio ule ulikuwa na faida na hasara. Mchezaji akiwa mazoezini aliweza kusikia alivyopiga, kama kipa anavyojua kwa mshindo wa glovu kwamba mpira umemkaa. Lakini mastaa hawakupenda kufika mbele ya watu na kitu kinacholia. Umbo nalo lilikuwa la ajabu, na wengi waliicheka. Solheim alizunguka kwenye mashindano, anasimama kando ya grini ya mazoezi, anawabembeleza mastaa wajaribu pigo moja tu. Mhandisi mwenye ajira nzuri, anahangaika na fimbo kama mmachinga.

Mwaka 1962 akapata wa kwanza. John Barnum, mchezaji aliyezaliwa mwaka mmoja na Solheim, alishinda Cajun Classic akiwa na miaka 51 na fimbo ya PING mkononi.

Wakati huo familia ilikuwa imehamia Phoenix, Arizona. Mapema mwaka 1966 wazo jipya lilimjia ghafla nyumbani, karatasi hana karibu, akachora kwenye ganda la sahani ya santuri. Louise ndiye aliyelipa jina: Jibu, kwa Kiingereza. Neno halikuenea kwenye kichwa cha fimbo, mama akashauri herufi moja iondolewe, ikabaki Anser. Mwaka 1967 Julius Boros alishinda Phoenix Open nayo. Oda zikamiminika, na Solheim, mwenye miaka 55, akaacha mshahara wa General Electric na kufungua kiwanda. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mkubwa kuliko uvumbuzi wenyewe. Mwaka 1969 George Archer, mrefu kama senta hafu wa Ulaya, akabeba Masters kwa Anser, na hapo kicheko kikaisha.

Hati ya umiliki ilipokwisha muda, viwanda vingine viliiga umbo lile bila aibu. Fimbo aliyoitumia Tiger Woods kwenye mataji yake makubwa karibu yote haikuwa ya PING, lakini itazame vizuri: kisigino, ncha, shingo, mama yake ni Anser.

Alikuja pia na utaratibu wa nukta za rangi mwaka 1972, kila mtu apate fimbo za chuma zenye mwinamo unaolingana na mwili wake. Nadhani hapa ndipo alipojionyesha ni mtoto wa fundi viatu. Nani mwingine angeona haraka hivyo kwamba kipimo cha Juma hakimkai Hamisi?

Ugomvi nao ulikuja. Fimbo zake za chuma za Eye2, zilizotoka mwaka 1982 na kuuzwa kupita kiasi, zilikuwa na michirizi ya umbo la mraba usoni. Chama cha gofu cha Marekani kikapima na kusema nafasi kati ya michirizi haikidhi kanuni. Tofauti ilikuwa nyembamba kama unywele. Mzee hakukubali, mwaka 1989 akakishitaki akidai dola milioni 100. Mwaka 1990 wakapatana: zilizokwisha kutengenezwa zihesabike halali, mpya zibadilishwe. Kesi na waendeshaji wa mashindano ya kulipwa ikaendelea hadi 1993. Mkaidi alikuwa, hilo halina ubishi, lakini mtu aliyefuatilia VAR ikichora mstari kwenye kidole cha mguu cha mshambuliaji anaweza kuelewa hasira zake.

Katikati ya vurugu hizo, 1990, familia yake ikadhamini mashindano ya wanawake kati ya Marekani na Ulaya. Ndiyo Kombe la Solheim, na linachezwa mpaka leo.

Solheim alifariki Phoenix Februari 16, 2000, akiwa na miaka 88, baada ya kuugua Parkinson. Mwaka uliofuata aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Gofu wa Dunia. Kiwandani kuna chumba chenye maelfu ya fimbo zilizopakwa dhahabu; kila mchezaji anaposhinda na PING hutengenezewa mbili, moja yake, moja inabaki pale.

Januari 2010 kanuni mpya ilipiga marufuku michirizi ya mraba. Phil Mickelson akatokea uwanjani na fimbo ya Eye2 ya zamani, halali kabisa kwa yale mapatano ya 1990, na kelele zikaanza upya, wengine wakimuita mdanganyifu. Miaka kumi mzee yuko kaburini na fimbo zake bado zinagombanisha watu. Mtoto wake John, aliyekuwa anaongoza kampuni, angeweza kuikalia haki ile. Mwezi Machi aliiachia, na fimbo zile zikaondolewa kwenye mashindano ya kulipwa.